Kusasisha plagini za WordPress baada ya toleo kuu jipya: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Agosti 2020, siku chache baada ya WordPress 5.5 kutoka, dada wa mapokezi katika shule moja ninayoitunzia tovuti alinipigia simu asubuhi na mapema. "Kaka, samahani kwa kukuamsha. Wazazi wanasema fomu ya maombi haibonyezeki." Nikaifungua tovuti kwenye simu. Ukurasa wa mwanzo upo, picha zipo, nembo ipo, hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Ila menyu ukiigusa haishuki, na kitufe cha kutuma fomu kimekaa tu kama kimechorwa.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimepandisha toleo la WordPress yenyewe, mfumo unaoendesha tovuti hiyo, kisha nikaweka tiki kwenye plagini zote kumi na nne, yaani viongezi vinavyoipa tovuti kazi za ziada, nikabonyeza mara moja, nikalala. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, nitalieleza mbele. Lakini kulipata kulinichukua siku nzima, kwa sababu nilibadilisha vitu kumi na tano kwa mpigo na sikuwa na njia ya kujua kipi kimeangusha kipi. Tangu siku hiyo nafanya kazi hii kwa mtindo mmoja: naigusa plagini moja, naikagua tovuti, ndipo naigusa ya pili. Yote yanayofuata hapa ni namna ya kuufuata mtindo huo bila kupoteza siku nzima.

## Toleo kuu ni lipi, na kwa nini plagini huvunjika

Wengi hudhani kutoka 5.9 kwenda 6.0 ndiyo mabadiliko makubwa, na kutoka 6.5 kwenda 6.6 ni madogo. WordPress haihesabu hivyo. Tarakimu mbili za kwanza kwa pamoja ndizo toleo kuu: 6.5 ni kuu, 6.6 ni kuu, na 6.0 haina ukubwa wa ziada. Tarakimu ya tatu, kama kwenye 6.6.1, ndiyo ya marekebisho madogo ya kasoro na usalama, na hayo hujisakinisha yenyewe tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013. Tovuti zilizoanzishwa na toleo la 5.6 au la baadaye hupokea hata matoleo makuu zenyewe, isipokuwa mwenye tovuti au kampuni inayomhifadhia amezima mpango huo. Unaweza kuamka ukakuta umeshavushwa bila kuulizwa. Kabla ya lolote, angalia namba iliyo chini upande wa kulia wa dashibodi ujue uko wapi.

Plagini, ambazo wengine huziita programu-jalizi, zimejishika kwenye kodi ya WordPress kwa mamia ya sehemu. WordPress hujitahidi sana isiwavunjie watu kodi ya zamani, lakini kuna sehemu tatu ambako mabadiliko yameumiza kweli.

Ya kwanza ni kihariri. Toleo la 5.0, lililotoka tarehe 6 Desemba 2018, lilileta kihariri cha vipande kinachojulikana kama Gutenberg, na plagini zilizokuwa zimezoea kuweka visanduku vyake chini ya kihariri cha zamani zikapotea njia. Ndiyo maana plagini ya Classic Editor ilitolewa, na hadi leo bado imo kwenye tovuti nyingi sana.

Ya pili ni JavaScript, lugha inayoendesha menyu, vitufe na fomu ndani ya kivinjari, pamoja na jQuery, mkusanyiko wa kodi yake ambao plagini nyingi huutegemea. Toleo la 5.5 liliacha kupakia jQuery Migrate, kijifaili kilichokuwa kikizitafsiria plagini za kale lugha ya jQuery mpya. Toleo la 5.6, Desemba mwaka uleule, likapandisha jQuery yenyewe hadi 3.5.1. Hitilafu za aina hii ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu hazipigi kelele: ukurasa unafunguka vizuri, ila vitu havibonyezeki.

Ya tatu ni PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Toleo la 6.6 la Julai 2024 haliwezi kufanya kazi chini ya PHP 7.2.24, kwa hiyo watu hulazimika kupandisha PHP ndipo wapate WordPress mpya. Wakifika PHP 8 wanakuta baadhi ya amri zilizotumiwa miaka yote na plagini zao zimeondolewa kabisa. Hapo ndipo tovuti nzima inapozimika. Ushauri wangu ambao sitaki uupuuze: usipandishe PHP na WordPress siku moja. Acha siku tatu au nne katikati, la sivyo utakuwa unasaka mwizi mmoja katika nyumba mbili.

## Hatua ya kwanza: daftari

Chukua daftari la kawaida au jedwali kwenye kompyuta. Andika kila plagini iliyomo, hata iliyozimwa. Mbele ya kila jina andika toleo ulilonalo, toleo linalotolewa sasa, na kazi inayokufanyia. Mstari mmoja kwenye daftari langu unasomeka hivi: "Fomu ya maombi. Tunayo 5.7.2, iliyopo 5.9. Ikifa: wazazi hawawezi kuomba nafasi, barua pepe hazifiki kwa mhasibu. Jaribio: jaza fomu kwa jina la uongo, hakikisha barua imefika."

Sehemu ya "ikifa" ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana ndiyo itakayokupa mpangilio wa kazi na jaribio la kufanya baadaye. Ukishindwa kuijaza, yaani hujui plagini hii inamfanyia nani nini, basi huenda huihitaji.

Sasa fungua ukurasa wa kila plagini kwenye wordpress.org. Tazama ilisasishwa lini mara ya mwisho na mwandishi wake anasema ameijaribu hadi toleo gani la WordPress. Hiyo namba ya majaribio ni tamko la mwandishi tu, analiandika mwenyewe kwenye faili la readme.txt. Plagini isiyoonyesha toleo la juzi haijafa, huenda mwenyewe hajapata muda wa kubadilisha mstari mmoja. Lakini ukiona onyo kwamba haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni, na maswali ya watumiaji yamekaa miezi bila kujibiwa, anza kutafuta mbadala leo, usisubiri ivunjike.

Jambo moja limewaponza wengi. Plagini inaweza kufungwa na wordpress.org, mara nyingi kwa sababu za usalama, na dashibodi yako isiseme neno. Hutaona alama ya sasisho, kwa sababu hakuna sasisho. Ukimya huo unaonekana kama uzima. Njia ya kujua ni kufungua ukurasa wake na kukuta umeandikwa kuwa plagini imefungwa. Ukikuta hivyo, iondoe.

Kuhusu kuondoa: kuzima plagini hakufuti kodi yake kwenye seva, na kodi yenye tundu la usalama inaweza kutumiwa na wadukuzi hata ikiwa imezimwa. Zile usizozihitaji zifute. Lakini kumbuka kuwa ukifuta kupitia dashibodi, plagini nyingi hufuta pia mipangilio na data zake zote. Ukiondoa folda yake kupitia kidhibiti faili cha cPanel (jopo la kusimamia akaunti yako kwa kampuni inayokuhifadhia) au kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili), data hubaki kwenye hifadhidata. Hii ina maana kubwa siku plagini ya fomu yenye majibu ya miaka mitatu itakapoharibika: usiifute kwenye dashibodi ili uiweke upya. Badilisha folda tu.

## Hatua ya pili: nakala rudufu unayoweza kuirejesha

Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili. Kuna mafaili, ambayo ni picha, themu (inayoipa tovuti sura yake) na plagini. Na kuna hifadhidata yenye makala, maoni, watumiaji na oda. Nakala yenye moja tu kati ya hizo ni nusu tovuti. Plagini ya UpdraftPlus huchukua zote mbili na kuzipeleka Google Drive au kwingineko, na kwa tovuti nyingi ndogo inatosha. Kama una njia ya kuandika amri kwenye seva na ina WP-CLI, chombo cha kuendesha WordPress kwa amri zinazoanza na wp, hifadhidata unaitoa hivi:

wp db export kabla-ya-sasisho.sql

Kisha fungua mwisho wa faili hilo. Ukiona mstari wa "Dump completed", limeandikwa hadi mwisho. Nimewahi kukuta faili lililokatika katikati kwa sababu nafasi kwenye seva ilikuwa imejaa, na mwenye tovuti alikuwa amelitegemea miezi minne.

Usiiache nakala kwenye seva ileile. Ishushe, au itumwe moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hapa bando linahusika: kushusha nakala ya tovuti yenye picha nyingi kunaweza kula gigabaiti kadhaa, kwa hiyo kuipeleka kutoka seva kwenda Google Drive ni nafuu, maana haipiti kwako. Kusasisha plagini kwenyewe hakuli bando lako la maana. Seva ndiyo inayoshusha mafaili kutoka wordpress.org, wewe unabonyeza tu. Unaweza kuifanya kazi hii yote kwa simu ukiwa kwenye daladala, ingawa sikushauri, kwa sababu utahitaji skrini kubwa kitu kikivunjika.

Halafu ijaribu hiyo nakala. Irejeshe mahali pengine angalau mara moja. Kufanya hivyo kunakupa na hatua inayofuata.

## Hatua ya tatu: tovuti ya majaribio

Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zina kitufe cha kutengeneza nakala ya majaribio. Kama yako haina, fungua kijikoa kama majaribio.jinalako.co.tz urejeshe nakala yako hapo, au weka XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta yako kuwa seva ndogo. Kwa blogu ya mtu binafsi yenye plagini tano, sitakulazimisha, nakala rudufu nzuri inatosha. Kwa duka, shule, hospitali au hoteli inayopokea nafasi za wageni, usiiruke hatua hii.

Ukishaiweka, fanya mambo matatu kabla ya lingine. Ifunge kwa nenosiri ili Google isiiorodheshe. Zima utumaji wa barua pepe. Na uondoe funguo za malipo, uweke za majaribio. Nakala ya duka ni duka zima: ina anwani za wateja wote, na ratiba zake zinaendelea kufanya kazi. Isipozimwa inaweza kuwatumia wateja halisi barua za oda, au kugusa malipo ya kujirudia. Kama unapokea M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, kuna mazingira ya majaribio yenye funguo zake, tumia hayo.

## Hatua ya nne: kusasisha kwenyewe

Chagua saa ambayo wasomaji wako ni wachache lakini wewe uko macho na msaada wa kampuni inayokuhifadhia unapatikana. Mimi napenda saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne au Jumatano. Ijumaa jioni siigusi tovuti ya mtu.

Zima kwanza plagini ya kache, ile inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka, na kama tovuti yako inapitia huduma ya Cloudflare weka hali ya utengenezaji (Development Mode) ili usionyeshwe kurasa za jana. Bila hivyo utakagua picha ya tovuti, si tovuti yenyewe.

Mpangilio wangu ni huu. Plagini ambayo tangazo lake linasema imeziba tundu la usalama inatangulia, hata iwe ipi. Kisha zile nyepesi, ambazo zikifa hakuna atakayegundua leo: za kubana picha, za takwimu, za kuelekeza viungo. Zinanipa picha ya hali ya seva yenyewe kabla sijagusa zito. Kisha fomu na SEO, yaani za kusaidia tovuti ionekane kwenye Google. Kisha za kujengea kurasa, kama Elementor. Duka na malipo mwisho. Plagini mama na watoto wake, kwa mfano WooCommerce ya duka na viongezi vyake, usiziache zilale matoleo tofauti: zifanye kikao kimoja, moja baada ya nyingine, na usome maelezo ya toleo ujue mwandishi anataka ipi ianze. Tangu 6.5 plagini inaweza kutangaza inamtegemea nani, na WordPress haitakuruhusu kumzima mama wakati mtoto anafanya kazi.

Kabla ya kila moja, soma maelezo ya toleo jipya. Dakika moja inatosha. Kama namba ya kwanza imebadilika, kwa mfano kutoka 4.9 kwenda 5.0, mara nyingi kuna kilichoondolewa. Kwenye dashibodi bonyeza sasisho la plagini hiyo moja, subiri hadi liseme limekamilika, usifunge ukurasa. Kwa amri:

wp plugin list --update=available
wp plugin update jina-la-plagini

Kisha kagua. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ambako hujaingia kama msimamizi, uangalie ukurasa wa mwanzo, makala moja, na kile ulichoandika kwenye daftari chini ya "jaribio". Bonyeza menyu. Tuma fomu. Weka bidhaa kwenye kikapu. Rudia kwa simu, kwa sababu menyu ya simu huwa ina kodi yake tofauti na ndiyo inayotumiwa na wasomaji wengi. Ikipita, weka alama daftarini na saa uliyomaliza, nenda inayofuata. Kwa plagini kumi na nne kazi hii inanichukua saa moja na nusu, na sijawahi kuijutia saa hiyo.

Baadhi ya plagini zitakuambia baada ya kusasishwa kwamba hifadhidata inahitaji kusasishwa pia. WooCommerce na Elementor hufanya hivyo. Usilipuuze tangazo hilo, na usilibonyeze pia kabla ya kuhakikisha nakala rudufu ni ya leo. Hapo ndipo njia ya kurudi nyuma inapokuwa nyembamba: ukishabadilisha majedwali, kurudisha mafaili ya zamani peke yake hakutoshi, na ukirudisha hifadhidata nzima unapoteza oda na maoni yote yaliyoingia katikati. Kwa WooCommerce pitia pia ukurasa wa hali ya mfumo, chini kabisa kuna orodha ya violezo vya themu yako vilivyopitwa na wakati. Kurasa za malipo zinazoharibika baada ya sasisho mara nyingi chanzo chake ni hapo, wala si plagini.

## Kitu kikivunjika

Usianze kubonyeza ovyo. Tazama ni uvunjikaji wa aina gani.

Tovuti ikionyesha kwamba iko kwenye matengenezo na haitoki hapo, sasisho lilikatika katikati. WordPress huweka faili linaloitwa .maintenance kwenye folda kuu wakati wa kusasisha na kulifuta ikimaliza. Lifute mwenyewe kupitia kidhibiti faili, ukiwasha kwanza kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Kisha sasisha tena plagini ileile. Kuanzia toleo la 6.3 la Agosti 2023, sasisho likishindwa wakati wa kunakili mafaili, WordPress yenyewe hurudisha plagini ya awali.

Tovuti ikionyesha ujumbe wa hitilafu kubwa, ile ya "There has been a critical error on this website", angalia barua pepe ya msimamizi. Tangu 5.2 WordPress hutuma kiungo cha hali ya uokoaji, kinachodumu siku moja, kikikuruhusu kuingia dashibodi huku plagini yenye kosa imesimamishwa kwa ajili yako. Barua hiyo mara nyingi huishia kwenye taka, au hutumwa kwa anwani ya mtu aliyeacha kazi zamani. Rekebisha anwani hiyo leo, kabla hujaihitaji.

Barua isipokuja, nenda kwenye folda ya wp-content kupitia kidhibiti faili. Badilisha jina la folda plugins liwe plugins-zamani. Tovuti itarudi, ikiwa uchi. Fungua ukurasa wa plagini kwenye dashibodi. WordPress itaona hazipo na kuzizima zote. Sasa rudisha jina la folda. Plagini zitaonekana tena, zote zikiwa zimezimwa, mipangilio yake ikiwa salama. Ziwashe moja moja hadi tovuti ianguke. Umempata. Kama unajua unamshuku nani, badilisha jina la folda yake tu.

Kujua sababu, fungua wp-config.php uweke mistari hii juu ya ule unaosema uache kuhariri:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Fungua tena ukurasa ulioanguka, kisha usome faili la debug.log ndani ya wp-content. Utakuta kitu cha namna hii:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function() in /home/tovuti/public_html/wp-content/plugins/kalenda-matukio/kalenda.php:212

Usitishwe na Kiingereza chake. Soma kuanzia neno plugins: jina linalofuata, kalenda-matukio, ndilo folda ya plagini yenye kosa, na 212 ni mstari. Hiyo create_function ni mojawapo ya amri zilizoondolewa PHP 8. Kumbe WordPress mpya haikuhusika, plagini imezeeka. Mtumie mwandishi wake mstari huo kama ulivyo. Ukimaliza rudisha WP_DEBUG kuwa false na ufute debug.log, maana kwenye seva nyingi mtu yeyote anaweza kulifungua kwa kivinjari.

Aina ya tatu ndiyo ile ya shule. Hakuna ujumbe, ila vitu havibonyezeki. Kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua sehemu ya Console, pakia ukurasa upya. Asubuhi ile nilikuta mstari mwekundu: jQuery(...).live is not a function. Amri hiyo ya live iliondolewa kwenye jQuery miaka mingi nyuma, na jQuery Migrate ndiyo iliyokuwa ikiibeba. Plagini ya menyu bado iliitumia. Nilichochelewa kukielewa ni kwa nini fomu nayo ilikufa wakati haina uhusiano na menyu. Plagini ya kache ilikuwa imeunganisha mafaili yote ya JavaScript kuwa faili moja, kwa hiyo kosa la menyu liliposimamisha faili hilo, kila kilichofuata ndani yake kilisimama pia, fomu ikiwemo. Tangu hapo kuzima uunganishaji huo ndilo jambo langu la kwanza ninapokutana na kosa la kimya. Siku ile niliweka Enable jQuery Migrate Helper, plagini inayoirudisha jQuery Migrate, wazazi wakaendelea kuomba nafasi, na wiki iliyofuata nikaibadilisha plagini ya menyu kabisa.

Kama hujui nani mkosaji na tovuti ina wageni, sakinisha plagini ya Health Check & Troubleshooting. Inakupa hali ambamo plagini zote zimezimwa kwako peke yako, huku wageni wakiendelea kuona tovuti kama kawaida. Unaziwasha moja moja hadi kosa lijitokeze.

Ukilazimika kurudi toleo la nyuma la plagini moja, fungua ukurasa wake wa wordpress.org, ingia kwenye mwonekano wa kina, na chini kabisa utakuta matoleo yaliyopita. Shusha zip, ipakie kama unayeweka plagini mpya. WordPress itakuonyesha namba zote mbili na kukuuliza kama ubadilishe. Kwa amri:

wp plugin install jina-la-plagini --version=2.4.1 --force

Andika daftarini kwamba umerudi nyuma na kwa nini. Toleo la nyuma ni la muda tu. Huenda lina tundu ambalo jipya lilikuja kuliziba.

## Plagini za kulipia na zile zilizokuja na themu

Plagini ya kulipia ambayo leseni yake imeisha mara nyingi huacha kupokea masasisho, ingawa yenyewe inaendelea kufanya kazi. Na plagini iliyokuja ndani ya themu uliyonunua hutegemea mwenye themu akuletee toleo jipya. Mwaka 2014 hili liliumiza watu wengi: Slider Revolution ilikuwa na tundu, mtengenezaji alishalirekebisha, lakini wenye tovuti waliokuwa nayo ndani ya themu hawakujua hata kama wanayo. Desemba mwaka huo programu hasidi iliyoitwa SoakSoak ilipitia humo, na Google ikaorodhesha zaidi ya tovuti 11,000 kuwa hatari. Fungua themu yako uone imebeba nini, na uliongeze kwenye daftari.

Zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, zilizovunjwa kufuli, usiziweke. Najua bei ya dola ni nzito kwa blogu isiyoingiza chochote. Lakini hutapata sasisho la kweli, na hujui aliyeivunja aliongeza nini ndani. Plagini ya bure yenye uwezo mdogo ni bora mara kumi.

## Masasisho ya kujiendesha

Tangu 5.5 unaweza kuruhusu plagini ijisasishe yenyewe, na tangu 6.6 ikijisasisha na kusababisha hitilafu kubwa ya PHP, WordPress huirudisha ilivyokuwa. Ni hatua nzuri sana. Lakini kinga hiyo haioni fomu iliyokufa wala menyu isiyoshuka. Kwa hiyo mimi huwasha kwa zile nyepesi na za usalama, na huzima kwa fomu, vijenzi vya kurasa na chochote kinachogusa pesa. Kwa blogu ambayo mwenyewe huingia mara moja kwa miezi mitatu, washa kwa zote: hatari ya kuvunjika ni ndogo kuliko ya kukaa na tundu wazi miezi mitatu.

## Siku saba za baadaye

Washa kache tena, futa kila kilichohifadhiwa ndani yake, ukague upya kwa dirisha la faragha. Baadhi ya makosa hujitokeza hapa tu. Kesho yake hakikisha makala zilizopangwa kuchapishwa zimechapishwa na nakala rudufu ya usiku imefanyika, kwa sababu kazi za ratiba ni rahisi kuvunjika bila mtu kuona. Waulize wanaoitumia tovuti, mhasibu na dada wa mapokezi, kama barua zinaingia kama zamani. Wao wataona mapema kuliko wewe.

Wiki ikipita salama, futa tovuti ya majaribio, folda yoyote uliyoibadilisha jina ukaiacha, na mafaili ya .sql na .zip yaliyobaki kwenye folda kuu. Nakala ya majaribio isiyosasishwa tena ina kodi ileile ya zamani na taarifa zilezile za wateja, nayo imekaa kwenye seva hiyohiyo.